Udongo wa Mama Nimeumwaga Korongoni

Kinole, Morogoro
17 Mei 1995

Mpendwa Mjomba Salehe,

Shikamoo. Habari za Korogwe, na kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, ila Bibi miguu inamsumbua. Masika ya mwaka huu yamepiga kweli kweli.

Mjomba, lile shamba la mteremkoni ulilompa mama, nimeliharibu mimi. Basi, nimeshasema.

Nilipata mjini kitabu cha mtumba cha mambo ya miamba. Mjomba, we acha! Kumbe udongo wote huu ni mwamba uliooza! Jua linaupasua, mvua inaumung'unya, hata ule ulanga, vile vijiwe vyembamba vinavyometameta njiani, unasagika na kutoa chakula cha mimea. Nikasema, kama chakula kinatoka mwambani, basi ukichimba chini ndiyo unakaribia jikoni. Na mbolea ya dukani, tangu serikali iache kuchangia bei, hatuigusi. Siku tisa nikakata matuta ya ngazi shamba zima. Udongo mweusi wa juu nikausukumia korongoni, nikapanda maharage kwenye ule mwekundu wa chini.

Yametoka ya njano. Yamesimama pale pale, hayakui wala hayafi.

Bibi alikuja na fimbo yake, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzungu alituchimbisha ngazi hizi hizi kwa nguvu, tukagoma. Wewe umejichimbisha bure!"

Ndiyo nikasoma kurasa zilizobaki. Madini yamo, ila bila majani kuozea humo na minyoo kufanya kazi, mmea haupati kitu. Udongo mweusi wa unene wa kidole tu unachukua mamia ya miaka kujitengeneza! Nimetandaza majani, nimeweka samadi ya mbuzi wetu wawili, vyote vimeenda na mvua.

Najua ardhi ni ya ukoo na msemaji ni wewe. Ukininyang'anya jembe, sawa. Ila kama lile shamba la ukoo la bondeni halina mtu, mpe mama alime vuli, maharage ya ndani yanaisha. Kama lina mtu, mimi sijui tena.

Kinachonimaliza ni mama mwenyewe. Hajanigombeza hata kidogo. Kila asubuhi anashuka korongoni na ndoo, anakwangua ule mweusi uliobaki kwenye mawe, anapanda nao mpaka shambani, anaumwaga, anashuka tena. Jana nikamfuata, nikamwambia hautatosha hata tuta moja.

"Nimesikia," akasema. "Nitwishe."

Nikamtwisha.

Msalimie mkaza mjomba Hidaya, na Ahmadi. Mungu akupe afya, na akuongoze katika utakaloamua.

Mpwa wako akupendaye,
Hamza