Maumivu Yaliyokuja Hata Kiangazi

Mama,

Mwezi huu mdogo wangu Skola ameumwa siku nne. Kabla ya dawa zilikuwa kumi na moja. Daktari wa wanawake pale Mpanda ndiye aliyezihesabu juzi, kwenye kalenda ya kanisa ambayo Skola huiwekea alama kila siku ya maumivu. Akasema, "Tunaelekea kuzuri."

Si mgongo wa kuinamia mpunga, Mama, kama tulivyodhani. Daktari anasema vinyama vinavyofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi vimeota nje yake. Kila mwezi vinavuja damu isiyo na pa kutokea. Panavimba, panabaki kovu. Maumivu yanaanzia chini ya kitovu na kutokea kiunoni. Misuli ya nyonga nayo imejikaza kwa miaka ya kuvumilia. Zile dawa zote za U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, alizopewa zamani hazikugusa chanzo.

Sijui kama na wewe ulikuwa na ugonjwa huu. Hakuna aliyekupima, na kilichokuondoa ni presha. Lakini nakumbuka ulivyokaza kanga kiunoni kabla ya kuingia kwenye majaruba ya mpunga kule kijijini Mamba. Kwenye mstari wa kupandikiza, wa kwanza kunyoosha mgongo alizomewa: "Bibi harusi kasimama! Mleteeni kiti!" Wewe hukuzomewa hata mara moja. Ulisema, "Mgongo wangu nimeuacha nyumbani." Tukaamini ni kazi tu.

Ila kiangazi kimoja, majaruba yamekauka, nilikukuta umelala kifudifudi mkekani, chupa ya maji ya moto chini ya tumbo. Nikakuuliza mavuno yalikuwaje. Nilikuwa naandika habari ya mpunga ya kusoma redioni. Kazi yangu ni kuuliza, na swali la pili sikuuliza.

Skola nusura akatae vidonge. "Kaka, si ndivyo hivi vya uzazi wa mpango? Mume wangu atasema sitaki kumzalia." Wana mtoto mmoja, na nyumba ilishaanza kuwa na maneno. Daktari akamwita shemeji ndani, akamweleza: vidonge vinatuliza ugonjwa, havifungi kizazi, siku wakitaka mtoto wataviacha kwa ushauri wake. Shemeji akasema, "Basi kumkumbusha ni kazi yangu. Kila siku, saa ya taarifa ya habari." Miaka yote hajawahi kusikiliza taarifa yangu hata moja. Sasa hakosi.

Kuna na mazoezi: kulala chali, magoti juu, kuvuta pumzi hadi chini tumboni, kulegeza. Mwanzoni Skola alicheka, eti anafundishwa kupumua. Sasa anayafanya asubuhi na jioni. Vidonge visipotosha, kuna upasuaji mdogo, hatujafika huko.

Jumamosi alirudi majarubani. Katikati ya mstari akasimama, akanyoosha mgongo. Wakaanza: "Bibi harusi!" Akawajibu, "Ndiyo, na kiti nileteeni. Nyie mnaoumwa mpaka kiangazi, njooni niwaambie." Wanawake wawili walimfuata nyumbani.

Pumzika, Mama. Mgongo wako sikuuandika. Wa Skola nitaufuatilia hadi mwisho. Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, tunarudi kliniki, mimi, yeye na shemeji. Wale wawili wanakuja nasi.

Mwanao.