Mama Mkwe Angani

Jumatatu, 5 Mei

Nimefagia duka langu la gemu, nimepanguza skrini, nimefungua dirisha harufu ya soksi itoke. Brayo wa boda boda alikuwa mlangoni kabla sijamaliza. Gemu mpya imeingia. Unachimba madini angani, kwenye mawe yanayozunguka jua. Niliichagua mwenyewe.

Vijana walijazana. Muda si muda wakaanza kuguna. Hakuna bunduki. Hakuna adui. Hata sauti hakuna, ni pumzi yako tu ndani ya helmeti. Brayo aliendesha chombo vile anaendesha pikipiki. Akagonga jiwe, akafa. Akarudia, akafa tena.

"Boss, hii kitu haina breki," akaniambia.

Ni kweli. Ukitaka kusimama unageuza chombo na kuwasha injini upande ule mwingine, tena mapema. Wameiita gemu ya kulala. Wakarudi kwa gemu yao ya mpira. Nimeumia.

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe amefika kutoka Kabazi. Ni goti. Atakaa nasi mpaka kliniki imwachilie. Nyumba yetu iko nyuma ya duka, kwa hivyo kelele zote zinamfikia.

Tukila, alimwambia Kamau, mume wangu, mimi nikiwa hapo na mwiko mkononi: "Huyu bibi yako angetafuta kazi inayoeleweka. Hapa anafuga watoto wa watu."

Kamau alitafuna ugali. Akaongeza mboga. Nimemkasirikia yeye kuliko mama yake.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mama mkwe amechoka kukaa peke yake. Akaja dukani na fimbo yake, akakaa nyuma, Biblia mapajani. Nilijua anachunguza.

Aliyekuwa kwa gemu mpya ni Chela peke yake, yule msichana wa chuo. Anasema anaipenda kwa sababu hakuna mtu anampigia kelele. Mama mkwe akauliza hiyo nyeupe ni nini. Barafu, Chela akamwambia. Unaichimba, inageuzwa maji na mafuta ya roketi. Mama akauliza huko juu nani anakunywa hayo maji. Chela akamsogezea kiti. Akampa padi ya kuchezea.

Aliishika kama bakuli la uji moto. Chombo kikazunguka, kikapotelea gizani, hewa ikaisha.

"Nimekufa?"

"Ndiyo, shosho," Chela akajibu, kama anayeongea na nyanya yake.

"Basi nirudishe."

Jumapili, 11 Mei

Kanisa, halafu chapati. Baada ya chakula Mama mkwe akaniuliza kama Jumapili huwa ninafunga duka. Nikasema nafunga. Akauliza kama nafunga hata kwa watu wa nyumbani.

Nilimfungulia. Ameharibu vyombo vingi sana. Anaongea na chombo kama na ng'ombe wa kukamwa: simama, wee, simama. Kamau alisimama mlangoni akatazama mama yake akielea angani, akaenda zake.

Jumatano, 14 Mei

Habari za Mama mkwe kucheza zimeenea. Brayo alikuja kucheka, akakaa mpaka wateja wake wakampigia simu. Duka zima linabishana. Brayo anasema aliyeitengeneza hakufikiria watu, nani atalipa ili angojee. Chela anasema kungojea ndiyo gemu yenyewe. Mwingine anasema yeye huingia tu kuangalia Dunia ikiwa nukta. Mama mkwe anasema dereva amekalishwa siku nzima, magoti yake nani anayajali.

Kuna jiwe kubwa la barafu linalotaka watu wawili, mmoja avute, mwingine ashikilie lisizunguke. Chela ana mitihani, kwa hivyo Mama amepewa Brayo. Wamegombana vizuri. Mama alimchapa mkono mara moja. Lakini jiwe wamelishika, na sasa wanalivuta kwenda kituoni. Ni mbali. Chombo kinajiendesha hata tukifunga, watafika Jumamosi.

Jioni mambo yakabadilika. Akina mama wa kanisa lake wanakuja hiyo Jumamosi kumwombea goti. Mama ameniomba nifunge duka siku hiyo, wasione. Alisema "wasione" akiangalia sakafu.

Nikamwambia sifungi. Sijawahi kumkatalia kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Mama amekunywa chai peke yake. Hakuja dukani. Brayo aliuliza shosho yuko wapi, nikasema anapumzika. Hakuniamini.

Kamau anataka nimwombe mama yake msamaha. Sitaki. Mchana anacheza kwangu, jioni ananionea aibu.

Jumamosi, 17 Mei

Nilifungua kama kawaida. Nilikuwa na hofu.

Kabla ya saa nne Mama akaingia, amevaa rinda la kanisa na kilemba. Hakunisalimia. Alikaa kando ya Brayo akanyoosha mkono, Brayo akampa padi. Kituo kilikuwa kimeshaonekana. Ukikaribia pale huwezi kusimamisha gemu, ni kufika au kugonga.

Wageni wakafika mapema. Wamama wanne mlangoni, na thamosi ya uji. Mkubwa wao, Mama Ruth, akasema wanamtafuta Mama Kamau. Vijana wakageuka. Nilijua Mama mkwe ataachilia padi, aseme alikuwa anapumzisha goti tu.

Hakugeuka. "Karibuni, mkae. Nikiachilia sasa tutagonga."

Vijana wakawapisha viti. Wamama wakakaa, mikoba mapajani, wakatazama.

"Pole pole, shosho," Brayo akasema.

"Mimi niko pole pole. Wewe ndiye unakimbia."

Jiwe likasogea. Likayumba. Brayo akalishika. Mama akawasha injini ya kurudi nyuma, kidogo, tena kidogo, mpaka likaingia kwenye mikono ya kituo na kutulia. Mama Ruth akasema "Bwana asifiwe," nadhani ni mazoea, na duka zima likaitikia amina, Brayo akiwa wa kwanza.

Kisha akauliza hapa ni kwa nani.

"Ni kwa mtoto wangu, Njeri," mama mkwe akajibu. "Ni huyu hapa. Kazi yake ndiyo hii."

Waliomba hapo hapo. Mama Ruth aliombea goti, halafu akaongeza na wanaosafiri angani. Nikaenda nyuma kutafuta vikombe. Nikakaa kwenye kreti ya soda nikalia kidogo. Furaha tu.

Jumatatu, 19 Mei

Foleni ya gemu ya kulala. Wengine bado wanaichukia na wanasema hivyo wakiwa kwa foleni. Brayo anafundisha wageni kana kwamba alizaliwa huko. Kamau ameniambia pole, kwa kukaa kimya. Nimeipokea.

Jumapili, 25 Mei

Kabazi. Kliniki imemwachilia, tumemrudisha nyumbani. Anatembea vizuri, fimbo anaibeba kwapani.

Baada ya kanisa tulichimba viazi, yeye kwenye stuli akituelekeza. Ukungu ulikuwa umefunika upande wote wa Subukia. Gemu hatukuitaja. Kamau alipoenda kupeleka gunia kwa jirani, Mama akanipeleka nyuma ya jikoni, mahali ambapo miwa ilikuwa imeng'olewa. Akaniuliza ningepanda nini hapo kama pangekuwa pangu.

Nikasema dhania. Labda na mboga ya managu.

Akachora mstari kwenye udongo na kisigino. "Basi anzia hapa."

Mvua ilianza, ndogo ndogo. Nikachukua jembe.