Mkono wa Diwani

Jumanne

Kelele za dukani leo zimenichosha kuliko cherehani. Kwenye televisheni walikuwa wanamwonyesha yule dada anayemtuhumu mtangazaji maarufu kwamba alimshikashika ofisini. Wateja wangu, wote wanawake, wakamrukia yeye, si mtangazaji. "Anatafuta kiki huyo!" "Mbona hakusema siku ileile?" Hilo la pili lilirudiwa mpaka nikavunja sindano. Nikaweka nyingine, nikaendelea kushona. Mtaa wote huu wa Mlabani ni wateja wangu, nitagombana na nani?

Binti yangu Furaha, aliyerudi likizo kutoka chuoni, alikuwa pembeni anashona vifungo.

Halafu akaingia diwani wetu kuchukua suti yake. Furaha akasema shikamoo vizuri, lakini mikono kaiweka nyuma. Diwani akabaki amenyoosha wake hewani. Aibu niliyoisikia! Alipoondoka nikamgombeza. Ndiyo adabu mnayofundishwa chuoni?

Hakuinua macho. "Mama, yule ukimpa mkono anakukwaruza kiganja kwa kidole."

Nani hapa hajui mwanaume akikukwaruza hivyo anataka nini?

"Tangu lini?"

"Tangu kampeni."

Tangu kampeni. Na kila alipokuja dukani ni mimi niliyekuwa nasema, Furaha, mpe mheshimiwa mkono.

Swali likanijia mpaka kwenye ulimi, lilelile la wateja. Nikalimeza.

Furaha alikuwa ameacha kushona. Ananitazama, analisubiri.