Mguu Wangu Kwenye Breki

Temeke, Agosti 1954

Dada Adelina, shikamoo.

Sie huku wazima. Mihogo imekubali, na yule mbuzi uliyetuachia amezaa mapacha.

Lile lori mume wangu Fransis amelitengeneza mwenyewe, hapahapa uani. Kumbe mafuta ya breki yalipopungua alijazia oili ya injini, akidhani mafuta ni mafuta tu. Mipira ya ndani ya breki ikavimba. Ndiyo maana siku ile kwenye mteremko wa Pugu breki hazikushika, nami mimba ikatoka. Tangu hapo Fransis alikuwa haniangalii usoni.

Jana alishafunga mipira mipya, ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, kazi ya watu wawili. Majirani walikuwepo tele, lakini aliniita mie. Nami nilishaapa silipandi tena lori lile, dada! Nikapanda. Yeye yuko chini ya gari, anapiga kelele, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Pedali ikawa inazama kama mguu kwenye tope, hadi mwishowe ikagoma kuzama.

Akatoka, uso umejaa grisi, akanitazama.

"Filomena, imeshika?"

"Imeshika," nikamjibu.

Vile vinguo vya mtoto ulivyoshona, usivigawe.

Mdogo wako,
Filomena