Mama, Ulizichemsha Chopsi Zangu

Mpendwa Mama,

Sahani zimerudi jikoni tupu. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana najua ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu. Mbwa hana chake leo, mifupa yote imekwanguliwa. Na Mjomba Ng'ang'a, ndugu yako yule mbishi, amepangusa sinia kwa kipande cha chapati mbele ya watu wote, bila haya. Tumeshinda, Mama. Tena tumeshinda!

Hii ni Krismasi ya kwanza hapa Kabiria bila wewe. Tangu asubuhi nimekuwa nikiongea nawe kichwani, nikaona afadhali niandike na anayetaka kusoma asome. Wengi wanaosifu chopsi zetu hawajui zilivyoanza.

Unakumbuka mwanao Kimani aliponileta kwako? Nafula, msichana wa Kawangware, Mluhya, mwenye kazi ya duka huko town. Hukunitesa, siwezi kukusingizia. Ulinipa chai, ukanipa leso, ukaniombea. Lakini jikoni kwako kulikuwa na sheria moja: nyama ya Krismasi ilikuwa yako. Mabinti zako waliruhusiwa kukoroga. Mimi nilipewa kisu na beseni la waru, vile viazi vya kupondwa kuwa mukimo. Krismasi ya kwanza, waru. Ya pili, waru. Ya tatu nilikuja na kisu changu mwenyewe kutoka nyumbani, ukacheka mpaka ukashika kiuno, halafu ukanionyesha gunia lilipo.

"Nyinyi Waluhya mnajua kuku," ulisema. "Nyama tuachieni sisi."

Na uliniita "bibi ya Kimani," kana kwamba sikuwa na jina. Iliniuma, Mama. Nilikuwa nimekaa hapo nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, harufu ya nyama yako inanipita puani, nami najisikia kama mgeni aliyekuja kusaidia kwa siku moja.

Kisha mwaka ule, mvua ya Novemba ilipogeuza njia yote kuwa matope, ukateleza hapo langoni ukavunjika mkono. Wa kulia, ule wa mwiko. Na Krismasi hiyo mabinti zako wote walikuwa wanakwenda kwa wakwe zao. Nilikuja kukuona na uji kwenye chupa ya chai, nikajipa moyo, nikakuambia nyama nitapika mimi. Tena si mbuzi. Nguruwe! Chopsi, zile za kiunoni zenye mfupa, zimepakwa mchuzi mtamu wa Kichina, mzito, wa kung'aa.

Nilizila kwenye mkahawa mmoja town, siku mwenye duka letu alipotupeleka chakula cha kufunga mwaka. Zilinikaa rohoni hadi nikaenda kuchungulia jikoni nimuulize Mchina anafanyaje. Mchina hakuwepo. Nilimkuta Mkamba mmoja mcheshi akinitajia kwa vidole: sosi ya soya, asali, tangawizi, kitunguu saumu, siki kidogo. "Kaanga nyama ikiwa mbichi, na usiunguze asali," akasema. "Hayo mengine ni kelele."

Nilipokueleza ulinitazama kama mtu aliyeambiwa tutapika viatu.

"Nyama na asali? Hiyo ni nyama ama ni keki?" Ukafikiri kidogo, ukatoa hukumu. "Haya, pika. Wakikula, umepika. Wakiacha, mwaka ujao ni waru, na ule mwingine ni waru, na usiniulize tena."

Siku yenyewe ikafika. Chopsi nilikuwa nimezinunua kwenye bucha ya Riruta, nono, zenye ukanda mweupe wa mafuta pembeni. Nilizipangusa zikakauka, nikazipanga kwenye beseni, nikafunika na sinia. Ndipo nikakumbuka chupa ya soya. Ilikuwa mezani kwetu na Kimani, huko Riruta, woi! Bila soya hakuna Mchina.

"Narudi sasa hivi," nikakuambia. "Tafadhali Mama, usiguse kitu."

"Niguse na mkono gani?" ukauliza, ukiinua ule uliofungwa plasta.

Nilikwenda mbio na nguo yangu ya kanisani, nikarudi mbio na chupa kwapani. Nilipofika langoni nikasikia harufu. Si harufu ya kukaanga, ni ya kutokota. Nikaingia jikoni nikakuta sufuria kubwa juu ya moto, chopsi zangu zote ndani, na kitunguu, na chumvi, na wewe umekaa kwenye stuli pembeni umeshika mwiko kwa mkono wa kushoto.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nguruwe haiingii kwa karai yangu kama haijachemshwa," ukajibu bila hata kugeuza shingo. "Unataka tuue watu na minyoo siku Yesu amezaliwa?"

Ningejua. Aki ningejua! Nani mtaani kwetu hachemshi nguruwe? Hata mamangu anachemsha mpaka nyama ifanane na kadibodi. Mimi niliogopa mkono wako wa kulia, nikausahau wa kushoto. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, Mama, na nilikuwa na hasira nawe hasa, si na minyoo. Nilikuwa naziona waru za mwaka ujao zimenipangia foleni. Kimani akachungulia mlangoni akauliza kama akimbie atafute kuku. Ukamfukuza kwa plasta.

Nilizitoa chopsi moja moja, rangi ya kijivu, zinasikitisha. Nikachukua sufuria nimwage ile supu. Sijui ni kwa nini nilionja. Ilikuwa tamu! Mafuta, kitunguu, utamu wote wa nyama ulikuwa umehamia humo. Nikasema, hii simwagi. Nikaitia kwenye karai, nikaongeza soya, asali, tangawizi niliyotwanga, saumu, siki, nikaacha ichemke mpaka ipungue na kuanza kushika mwiko. Wewe shingo ilikuwa imerefuka hapo kwenye stuli.

"Hiyo inaungua."

"Haiungui, Mama."

"Inaungua, nimesema."

"Mama, haiungui!"

Haikuungua. Nilizikaanga chopsi pembeni mpaka zikapata rangi, nikazimwagia ule mchuzi, nikazigeuza na kuzigeuza hadi zikang'aa. Na kila nilipogeuza niliona nyama inaachia mfupa yenyewe, laini, kwa sababu ya ile sufuria yako. Nilikuona ukiona.

Mjomba Ng'ang'a aliingia akinusa. "Ni nani anachoma sukari?" Kwake nyama ni chumvi na moto, basi. Ulibeba sinia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ukakataa kusaidiwa, ukamwekea mbele. Akachukua moja, akaikagua, akauma. Mtu anayeongea hata wakati wa maombi, sasa anatafuna tu! Akashika ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, ndipo akainua kichwa.

"Nani amepika?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," ukasema, wakati ule ule.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Mimi ndiye nimechemsha," ukawaeleza, umekaza uso. "Na mimi ndiye nimepaka," nikasema. Ndipo ukachukua yako, ukala polepole, ukafyonza mfupa huku sote tunakutazama. Ukapangusa midomo.

"Nafula," ukasema, "mwaka ujao ongeza tangawizi."

Mwaka ujao! Tena kwa jina langu! Nilitoka nje nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikacheza peke yangu na aproni yangu chafu, jirani akinitazama juu ya ua. Sikujali.

Mkono wako ulipopona hukuninyang'anya nyama. Kila Krismasi ulichemsha, nikapaka, na tukabishana nani amepika. Nilisikia pia ulivyowaambia akina mama wa kanisa kwamba siri yote iko kwa kuchemsha, huyo mwingine anaweka rangi tu. Nilisikia, Mama. Nilicheka mpaka kwetu Riruta.

Leo asubuhi wifi yangu Wanjiku ameniambia siku hizi watu hawachemshi nguruwe, ni kukaanga tu ikiwa mbichi kama wanavyofanya huko mahotelini. Ni kweli. Chopsi zilikuwa kwenye beseni, zimekauka vizuri, soya iko, asali iko, na hakuna wa kunizuia. Nikaiangalia stuli yako. Nimekukumbuka, Mama, nimekukumbuka vibaya sana, hadi nikalazimika kukaa juu yake kidogo. Kisha nikainuka, nikateremsha sufuria kubwa, nikatia maji, kitunguu na chumvi.

Mezani watu wamekula bila maneno mengi. Mjomba Ng'ang'a amezeeka, lakini meno yapo. Amemaliza ya pili, akainua kichwa kwa mazoea yake, akauliza kabla hajajikumbuka, "Nani amepika?"

Watu wakakitazama kiti chako, halafu wakanitazama mimi. Safari hii hakukuwa na wa kushindana naye.

"Mama amechemsha," nikasema. "Mimi nimepaka."

Mjomba akanisogezea sahani yake. "Basi mwambie dada yangu naomba nyingine."

Nimemwongezea, na ujumbe ndio huu nimekufikishia. Pumzika vizuri, Mama. Tangawizi niliongeza.

Mimi Nafula wako,
bibi ya Kimani, yule wa kupaka