Kioo cha Jumba la Marden

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Wexcombe, Herefordshire

Jina: Delyth Prosser. Umri: miaka 52. Kazi: mapokezi. Makazi: kijiji cha Marden Stoke.

Nimekuja hapa kwa hiari yangu. Nafanya kazi Jumba la Marden, ambalo sasa ni ofisi ya kampuni ya bima. Zamani lilikuwa la ukoo wa Bibi Rosamund Aldersey. Alipoliuza alihamia kwenye nyumba ndogo ya langoni.

Mnamo tarehe 14 Mei, asubuhi, Bibi Rosamund aliingia amevaa koti la mvua juu ya gauni la kulalia. Midomo ilikuwa ya bluu. Nikamuuliza, "Bibi, nikuitie daktari?" Akajibu, "Ita ukitaka. Mimi napanda chumbani kwa mama." Nikaita gari la wagonjwa, nikamfuata.

Chumba hicho siku hizi ni cha mikutano. Mkurugenzi, Bwana Stroud, alikuwa na wageni. Bibi akavuta kiti hadi dirishani, akaketi. Bwana Stroud akamwita mlinzi, Ifor Beddoes, amtoe.

Ifor akasema, "Bosi, huyu mama anakufa. Mimi simgusi."

Bibi akasema, "Endelea na kikao chako, kijana. Nilizaliwa hapo ulipoweka mashine ya kahawa." Mgeni mmoja akacheka, kisha akakusanya karatasi zake. Wakatoka wote, tukabaki watatu.

Akaniambia, "Delyth, hewa. Fungua dirisha, mwanangu." Kampuni ilikwisha kuyaziba madirisha yale kwa ajili ya viyoyozi. Ifor alisukuma kwa bega, halikusogea. Nikachukua mtungi wa kuzimia moto, nikavunja kioo. Ikaingia harufu ya nyasi zilizokatwa. Bibi akavuta pumzi, akasema, "Hapo sawa." Alifariki nikiwa nimemshika mkono, kabla gari halijafika.

Bwana Stroud aliporudi hakuuliza habari za marehemu. Aliuliza, "Nani kavunja kioo cha miaka mia mbili?"

Ifor akasema, "Mimi." Anajua nina mume mgonjwa kitandani, ananitegemea mimi. Nilinyamaza. Nilinyamaza hata Bwana Stroud alipoita polisi na Ifor akaingizwa kwenye gari lao, na hilo ndilo linaloniuma.

Ifor hakukigusa kioo. Ni mimi, na ningekivunja tena. Sina la kuongeza.

Sahihi: D. Prosser

Maelezo ya afisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Nilimwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, nikamuuliza kama anataka wakili. Alijibu kwamba kwanza anataka kumwona Ifor.
Sajenti M. Tudge