Dakika Nne Ulizozifuta

Kaka yangu Yasini,

Mama ameniambia ulipiga simu Ijumaa. Eti huko uliko umepata kazi nzuri, na siku ya kuhojiwa uliwasimulia Wazungu jinsi ulivyolinda malori ya chakula wakati wa vita kwa kompyuta moja tu. Mama alifurahi mpaka akatoka nje kuwaambia majirani. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua, maana ningeinua kichwa ningesema kitu mbele za watu. Kwa hiyo nakuandikia. Barua hii siifungi, na mwishoni nitakwambia nani mwingine anayo.

Unakumbuka kibanda cha baba pale mtaani Buyenzi? Sisi wawili tumekulia chini ya meza yake ya kutengenezea saa, tukiokota skrubu kwa sumaku. Baba alikuwa na mchezo wake. Anachukua saa mbili za aina moja, anaziwasha pamoja jioni, asubuhi anatuita tuone. Kila mara moja imetangulia kidogo. "Angaliyeni, wanangu," anasema. "Hata mutu azitengeneze namna gani, hizi mbili hazitakubaliana. Leo hii iko mbele, kesho ile." Wewe ulipiga miayo. Mimi nilishangaa kila siku upya.

Miaka ikapita, vita vikaja, ukapata kazi ya kompyuta kwenye depo ya chakula kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ukaniingiza na mimi. Hilo silikatai. Malori yalipeleka maharage na unga kwenye kambi za waliokimbia makwao, na njiani yalikuwa yanaviziwa. Patro, yule bosi wetu wa depo, alijua kwamba mtu wa ndani akiijua saa ya kuondoka, wenye bunduki nao wataijua. Ndipo ulipopata wazo lako, na lilikuwa zuri, sitakunyang'anya: saa ya kuondoka na barabara ya kupita, ya mlimani au ya ziwani, visichaguliwe na mtu. Kompyuta ipige kura asubuhi ileile, na asiyejua hawezi kuuza.

Lakini kompyuta haijui kubahatisha. Ukiianzisha kwenye namba ileile, itakupa jibu lilelile hata mara mia. Lazima uipe kitu ambacho hakuna anayeweza kukijua, na mashine yetu ilikaa peke yake kwenye kona, haina hata wa kugusa kibodi. Ndipo nikakumbuka saa za baba. Ndani ya mashine mna saa mbili: moja inagonga mara mia kila sekunde, nyingine inahesabu hatua za kichakataji, mamilioni kwa mamilioni. Nikaingia kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo wengi hawathubutu kugusa, nikaandika kipande kidogo cha maagizo. Kila saa ya kwanza ikigonga, isome ya pili, itupe tarakimu zote, ibakize ile ya mwisho tu, ile inayotetereka. Iidondoshe kwenye sehemu ya kumbukumbu tuliyoiita bakuli, ikoroge, isubiri nyingine. Bakuli likijaa ndipo kura ipigwe. Ilichukua dakika nne. Tulikaa wiki mbili bega kwa bega, wewe ukisoma maelezo kwa sauti, mimi nikiandika, na siku ilipofanya kazi ulininyanyua juu mbele ya wapakizi wote. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Dakika nne hizo zilikuwa za Deo. Rafiki yako tangu shule ya msingi, dereva wa lori la mbele, Mkristo wa mtaa wa Kamenge aliyekula Idd nyumbani kwetu mara nyingi kuliko baadhi ya wajomba zetu. Kwangu hakuwa rafiki wa kaka tu. Ulijua, ukajifanya hujui, na kwa hilo nakushukuru. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Hadija, mashini yako inasema nini? Nikunywe chai ao apana?"

"Kunywa, bado inajaza."

Basi anakaa juu ya gunia, anakunywa taratibu, tunaongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Halafu nikaugua malaria, nikalala wiki nzima. Niliporudi, Deo aliniambia huku anacheka: "We Hadija, siku hizi mashini iko na haraka. Chai inaniunguza ulimi." Nikacheka na mimi. Nikasema labda nayo imepona. Yasini, nilicheka! Kicheko kile nakisikia mpaka leo, kwa sababu mashine inayojibu papo hapo haikuwa tena ile niliyoiandika, na katika depo nzima ni mimi tu niliyepaswa kulitambua hilo.

Ulikuwa umekifuta kipande changu. Patro alikupigia kelele kwamba malori yanachoma mafuta getini, ukataka kumpendeza. Mahali pake ukaweka saa ya tarehe ya mashine: kura ianzie kwenye sekunde mashine ilipowaka. Na betri ya saa hiyo ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na unajua ulivyokuwa ukikatika, mashine ikirudi inaamini ni usiku wa mwaka mpya wa 1980, na hapo hapo inapiga kura. Mimi nafika, naona tarehe ya ajabu, nairekebisha kwa mkono, nalalamika kidogo, naendelea na kazi. Kura imeshapigwa. Kila baada ya umeme kukatika ilikuwa ni ileile: saa tatu asubuhi, barabara ya mlimani. Hapakuhitajika msaliti. Ilitosha mtu apite nje ya geti na awe na macho.

Betri, Yasini. Bapa kama sarafu. Baba alikuwa nazo kopo zima la maziwa, chini ya meza ileile tuliyokulia. Mtoto wa fundi saa!

Siku ile umeme ulikatika alfajiri. Deo aliondoka saa tatu. Aliacha kikombe chake dirishani, nusu, kwa kuwa hakupewa muda wa kumaliza. Kabla ya adhuhuri tuliletewa habari: lori la mbele limeteketea, Deo na wapakizi wawili wamekufa.

Watu wakasema ni Deo aliyeiuza safari. Jana yake alionekana amesimamisha lori mbele ya kwao Kamenge, mtaa uliosemwa kuwa wa wenye bunduki, ikatosha. Patro aliwakataza wafanyakazi kwenda mazishini. Mimi nilikwenda. Wewe ulisema una homa.

Wiki tatu baadaye nilifungua kile kiini nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikakuta pengo, na juu yake mstari uliouandika mwenyewe: "Nimeondoa, inachelewesha. Yasini." Nikachukua daftari la safari. Tangu nilipougua umeme ulikuwa umekatika usiku au alfajiri mara tano, na mara tano saa tatu, mlimani. Nikaja nyumbani, nikakuwekea daftari mbele yako. Uliligeuza kifudifudi bila kulisoma.

"Nyamaza, Hadija. Deo amekufa, mi niko muzima. Unataka wanifunge?"

Nikanyamaza. Nilikuficha kwa sababu u kaka yangu, na nilianza kukuchukia jioni ileile. Miezi miwili haikupita, ukapanda ndege. Daftari nimelihifadhi kwenye sanduku la nguo zangu, na kila nikitafuta kanga naligusa.

Na mama yake Deo? Yupo palepale Kamenge. Kanisani wenzake hawakai naye benchi moja, maana wale wapakizi wawili nao walikuwa na mama zao, na mama hao wanasali hapo hapo. Miaka yote hii anaingia misa ikishaanza, anatoka kabla haijaisha. Wewe huko unapewa kazi kwa sababu ya mashine ile.

Jumapili nilikwenda kwake. Sikuweza tena, baada ya simu yako. Nilimweleza polepole: saa mbili za baba, bakuli, kipande ulichokifuta, betri. Nikamweleza na chai iliyomuunguza mwanawe ulimi, na jinsi nilivyocheka, na jinsi nilivyonyamaza. Alinisikiliza mikono yake imetulia mapajani. Hakulia wala hakunifukuza. Nilitamani anifukuze.

"Ni dakika ngapi kaka yako aliondosha?" akauliza.

"Ine, mama."

"Ine tu?"

"Ine."

Kisha akaniuliza: "Na yeye, alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nakala ya kwanza ya barua hii anayo yeye. Ya pili, pamoja na daftari, naipeleka kwa patro Jumatatu, na Jumapili inayofuata itasomwa kanisani kwao Kamenge kama padri atakubali. Jina langu limo sawa na lako. Lakini lile swali, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi, ni lako wewe kulijibu. Nyumba unaijua, ulikuwa ukilala pale. Mwandikie umjibu.

Mdogo wako uliyemnyamazisha,
Hadija